Makaburi ya Mwisho wa Uwanja

Jumatatu, 5 Agosti

Mbuzi uwanjani tena. Nimewafukuza, nimefagia mavi yao, nimefukia mashimo ya kaa upande wa baharini. Mfuko wa upepo umechanika. Nimeushona kwa uzi wa nyavu. Kusi linavuma kama lina ugomvi na mtu.

Redio koli asubuhi: ndege inakuja. Baadaye: haiji. Mchana ikaja. Imeshusha dawa za zahanati, sukari ya duka la ushirika, na mgeni mmoja. Mhandisi wa viwanja vya ndege, katoka Dar es Salaam. Suruali ya kaki, miwani, miguu mirefu. Kauliza msimamizi wa uwanja yuko wapi. Nikasema ni mimi. Wengi hucheka, kumwona msimamizi ni mwanamke, tena kajifunga kanga. Huyu hakucheka. Kanipa mkono, kasema, "Habari za kazi, ndugu." Nimempenda kwa hilo.

Alasiri kautembea uwanja mzima mpaka unapoishia, kwenye ukuta wa makaburi. Kasimama pale akitazama ng'ambo ya ukuta. Sikupenda alivyotazama.

Jumanne, 6 Agosti

Mgeni kalala kwetu, maana Selemani, mume wangu, ndiye mwenyekiti wa kijiji. Mama mkwe, Bibi Somoe, kampikia pweza wa nazi. Kala akashiba. Ndipo akasema.

Ndege hii ndogo inaondolewa. Inakuja nyingine, ya injini mbili, yenye nafasi ya kumlaza mgonjwa. Uwanja wetu ni mfupi, hauiwezi. Lazima urefushwe. Mashariki ni bahari. Pembeni kote ni miamba. Magharibi ni makaburi.

Selemani kauliza kama uwanja hauwezi kupindishwa kidogo. Mhandisi kasema ndege si baiskeli. Kisha kaona haya, kaomba radhi.

Bibi Somoe kaondoa sahani.

Jumatano, 7 Agosti

Mwanangu Ali yuko kule makaburini. Naandika kwa sababu siwezi kulisema kwa sauti.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Homa. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Muuguzi akasema apelekwe Lindi haraka. Mimi mwenyewe niliita ndege, ikaja. Ikazunguka juu yetu. Nusu ya uwanja ilikuwa maji. Rubani akaniambia redioni, taratibu, kama anayeniomba: "Dada, hapatoshi. Nikitua sitasimama." Nikamjibu nimekupata. Ndiyo kazi yangu, kujibu nimekupata. Akageuza. Ali akafa kabla ya magharibi.

Siku chache baadaye akafuata Siti, binti wa jirani yangu Mwajuma, kwa homa ileile. Wamelala bega kwa bega, vikaburi vyao vidogo. Mwajuma alinishika mimi nisianguke, kisha nikamshika yeye. Watu bado wananiita Mama Ali.

Uwanja ukirefuka mtoto wa mwingine atapona. Naamini hivyo. Lakini utarefushwa juu ya wangu. Nina hasira na sijui niielekeze kwa nani.

Ijumaa, 9 Agosti

Mkutano baada ya swala, mbele ya duka la ushirika. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Selemani kaeleza. Mhandisi kaeleza. Watu kimya mpaka lilipotajwa neno makaburi. Hapo zikapanda kelele. Mzee mmoja karusha kofia chini.

Mwajuma kainuka kutoka nyuma. Hajawahi kusema mkutanoni. Kasema, "Mwanangu alikosa ndege akiwa hai. Sasa ndege imfuate kaburini?"

Mkutano ukavunjika wenyewe.

Nyumbani Bibi Somoe kamwambia Selemani, bila hasira yoyote: "Baba yako yuko pale. Ndugu zako wawili wako pale. Mjukuu wangu yuko pale. Mkija na majembe mtanikuta nimekaa." Kisha kanigeukia. "Na wewe wa Rondo, mtu wa bara, huna mfu wa kwenu hapa ila mmoja. Sijui unaliona vipi."

Huyo mmoja ndiye wote niliokuwa nao. Nilienda kuosha vyombo.

Jumapili, 11 Agosti

Mhandisi kaondoka na ndege. Kasema ataandika kuwa watu hawajakubali. Kasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba haitaishia hapo.

Kisimani nimemsalimu Mwajuma. Hakuitika. Kamwambia mwenzake, niwasikie: "Huyo ni karani wa ndege." Nimeteka maji nusu ndoo nikaondoka.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo ningependa kuwa kiziwi.

Redio, saa za mchana. Ofisi ya Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, Kilwa Masoko. Katibu mwenyewe. Ujumbe kwa mwenyekiti. Kisiwa kisichofikiwa na huduma hakitaandikishwa kuwa kijiji. Uwanja usiporefushwa, watu wote watahamishiwa bara, kijiji kipya nyuma ya Somanga, kabla ya mvua za vuli. Nikasema rudia. Akarudia, nikasema nimekupata.

Najua kuhamishwa ni nini. Kaka yangu alihamishwa kule Rondo mwaka jana. Waliezua paa ili asirudi. Mikorosho yake imebaki alikotoka, anaifuata kwa miguu tangu alfajiri, akifika wengine wameshaokota korosho. Na yeye ni mtu wa jembe. Hawa wa hapa wataishi vipi huko, watu ambao hata mihogo wananunua kwa samaki?

Nimemfuata Selemani pwani. Kasikiliza mpaka mwisho, kakaa mchangani. Kasema nisimwambie mama mpaka afikiri. Nimenyamaza. Bibi Somoe kaniuliza mbona sili. Nimesema tumbo.

Jumatatu, 19 Agosti

Selemani katangaza. Hakuna njia ya kulisema vizuri, kwa hiyo kalisema kama lilivyo. Wafu wahame, au walio hai wahame.

Vijana wachache wamefurahi. Bara kuna barabara, kuna basi la Dar. Wazee wamelia, wanaume wazima, mbele ya watu. Bibi Somoe kaniuliza mimi, si mwanawe: "Tangu lini unajua?" Nikasema tangu Jumamosi. Kasema, "Basi hilo ndilo tumbo lililokuwa likikuuma." Hakunikasirikia. Afadhali angekasirika.

Alhamisi, 22 Agosti

Siku nzito. Niandike kwa mpangilio.

Tumeingia Shaabani, wakati watu wanazuru makaburi. Asubuhi Bibi Somoe kachukua mkeka na birika, kaenda makaburini, kakaa. Mwajuma kamfuata. Kisha wengine, kisha wanawake karibu wote wa kijiji. Wanafyeka, wanasoma, wanakaa. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha redio, uwanjani, kwa sababu ndege ilikuwa njiani. Nilitamani nifunge kibanda niende. Sikufunga.

Ndege ikatua. Mhandisi na Katibu wa Operesheni. Katibu ni kijana kuliko sauti yake ya redioni. Kawaona wale wanawake, kaenda moja kwa moja. Nami nimefuata, liwalo na liwe. Kaanza kuhutubia kwa sauti kubwa: maendeleo, taifa, wanaovuta nyuma. Bibi Somoe kamtazama tu. Ikabidi anyamaze, na aliponyamaza akakumbuka adabu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa chini."

Kakaa. Kwenye mkeka, na viatu kavua. Bibi Somoe kamimina kahawa, kampa, kamwuliza: "Mama yako yu hai?"

"Hapana, bibi. Alifariki."

"Kazikwa wapi?"

Katibu kasema kazikwa kijiji cha kwao, huko bara, njia ya Tingi.

"Nani anamfyekea?"

Katibu katazama ndani ya kikombe. Kasema kijiji chao nacho kimehamishwa. Kule sasa ni pori. Hajafika tangu hapo. Hata njia haijui tena.

Wanawake wote wamesikia. Hakuna aliyemcheka. Mwajuma aliyekuwa akisoma kaacha kusoma. Katibu kamaliza kahawa, kashukuru, kainuka. Hakuhutubia tena. Kabla ya kupanda ndege kaniambia amri bado ni ileile. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Ijumaa, 23 Agosti

Bibi Somoe karudi na mkeka wake. Kaswali, kamwita Selemani, kamwita na Maalim Bakari, imamu wetu. Nilikuwa jikoni, mlango wazi.

Kasema: "Yule mtoto kamwacha mama yake porini. Si kwa kupenda. Na sisi tukipakiwa Somanga, tutawaacha hawa hivyohivyo, na ndege zitatua juu yao tusiwepo hata wa kuwaombea. Mfu akisogezwa nyuma ya msikiti bado ni wetu. Tukisogezwa sisi, wote tumekwisha. Wahamisheni. Anzeni na mume wangu."

Selemani kalia. Mama yake hakulia.

Jumanne, 27 Agosti

Maalim kapeleka mtu Kilwa Kivinje kwa shehe anayemwamini. Jibu limekuja leo: kwa dharura inajuzu. Kila nyumba ihamishe watu wake. Sanda mpya nyeupe. Heshima na kimya. Kazi iishe kabla ya mwezi wa mfungo. Wanawake wasiwepo.

Kaya zote zimekubali. Issa, mume wa Mwajuma, kakubali. Mwajuma hajakubali.

Kaja kibandani. Mara ya kwanza tangu mkutano. Kasimama mlangoni, hakuingia. Kasema, "Wewe una mdomo unaofika Dar. Waambie waache." Nikamwambia mdomo huu unapokea na kupeleka tu, hauamui. Kauliza, "Wewe umekubali?" Nimesema sijakubali, sijakataa, nimechoka.

"Mama usiyejua unataka nini kwa mwanao," kasema, kaenda zake.

Nimeumia kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 2 Septemba

Leo ndiyo leo.

Wanaume wameingia makaburini baada ya alfajiri, wamefunga vitambaa puani. Wanawake majumbani. Mimi kibandani kwa ajili ya redio. Maalim kaniletea salamu kwamba nifunge dirisha la magharibi. Nimefunga. Nikasikia majembe. Nimevumilia nilivyoweza, kisha nikafungua.

Wazee wamehamishwa kwanza. Hata kwa mbali niliona jinsi vifurushi vilivyokuwa vyepesi. Watu wazima, manahodha, na mtu mmoja anatosha kubeba. Kisha Selemani na Issa wakapiga magoti kule pembeni waliko watoto.

Ndipo Mwajuma alipopita. Mbio, kichwa wazi, kanga imeanguka nyuma yake. Sikufikiri. Nilitoka nikamkimbilia. Mimi wa milimani, miguu ninayo. Nimemshika katikati ya uwanja. Kanipiga. Nimemshika tu. Kaniuma mkono. Nimemshika. Tukaanguka wote. Kalia jina la Siti, nami, sijui lilitoka wapi, nikalia la Ali. Tangu azikwe sikuwahi kulilia kwa sauti. Nililia kwa Kimwera, kama mama yangu angelia.

Redio ilikuwa inaita kibandani. Iliita sana. Sikwenda.

Baadaye Bibi Somoe kaja na ile kanga, kamfunika Mwajuma, kakaa nasi pale chini. Tulikaa hivyo mpaka wanaume wakamaliza.

Jumanne, 3 Septemba

Dar wameuliza jana nilikuwa wapi. Nimesema redio ilikuwa mbovu. Wamesema sawa.

Selemani hali chakula. Kaoga mara kadhaa. Nimemwuliza Ali alikuwaje. Kasema, "Usiniulize." Sikumwuliza tena.

Mwajuma kapita mbele ya nyumba. Kasema "Habari za asubuhi." Nimejibu nzuri. Basi.

Alhamisi, 19 Septemba

Mfungo. Kazi ya uwanja inafanyika asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kijiji kizima. Ukuta wa makaburi umebomolewa, mawe yake yamepondwa na kutandazwa palepale. Wanawake tunabeba kifusi kwa makarai, wanaume wanavuta rola kwa kamba. Mhandisi anavuta pamoja nao, ingawa hafungi, yeye Mkristo. Maji anakwenda kunywa nyuma ya kibanda, asitutamanishe.

Nimemwaga karai langu mahali alipokuwa Ali. Sikuwa nimepanga. Nimegundua nimesimama pale. Nimemwaga, nimesawazisha kwa mguu, nimerudi kuchota.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya futari Bibi Somoe kaenda tarawehe. Tumebaki wawili. Selemani kasema ana jambo, limemkaa kooni tangu siku ile.

Yeye na Issa waliwatoa watoto kwa wakati mmoja. Vikaburi vilikuwa vimetitia, udongo wa huku umeingia wa kule, lakini waliwatenga, kila mmoja na sanda yake, wakawalaza kwenye mkeka mmoja. Hapo likazuka jambo: Mwajuma anakuja mbio. Watu wakasimama wakapiga kelele. Wakahofu asije akaona. Wakanyakua, yeye kifurushi kimoja, Issa kingine, wakaenda haraka kwenye makaburi mapya, wakazika.

Kisha wakatazamana.

"Sijui nimembeba nani," kasema. "Issa naye hajui. Vilikuwa sawasawa."

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa. Nikaitazama mikono yake. Ndiyo iliyompokea Ali siku aliyozaliwa, akamwadhinia sikioni. Mtu huyu kabeba kifurushi peke yake, na mzigo huu kaubeba peke yake tangu siku ile. Nimemletea chai. Ameshindwa kuinywa.

Sasa mimi ninalo. Na Mwajuma hana. Kila Ijumaa anakwenda kukaa kwenye kile kikaburi cha kulia, anakiita Siti. Mimi nilikuwa nikienda cha kushoto. Nimwambie? Nikimwambia namwua mwanawe mara ya tatu. Nisipomwambia, anamwombea labda wangu, na mimi ndiye ninayejua.

Jumanne, 29 Oktoba

Ndege kubwa imetua leo. Kishindo. Mbuzi wamekimbilia pwani. Imepita juu ya kifusi kipya bila kuyumba, ikageuka, ikasimama mbele ya kibanda kana kwamba imezaliwa hapa. Watu wamepiga vigelegele. Mhandisi kavua miwani, kafuta, kavaa, kavua tena. Katibu hakuja. Wanasema kahamishwa kituo.

Imeondoka na mke wa muuza duka, mja mzito, miguu imevimba, kichwa kinamgonga siku nyingi. Wamemlaza kwenye machela ndani, mumewe kakaa ubavuni pake. Mwaka juzi angefia ndani. Leo yuko Lindi.

Magurudumu yaliachana na ardhi palepale walipokuwa wamelala watoto wetu. Nilifurahi. Na nilichukia. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, sioni sababu ya kuongopa. Bibi Somoe hakutoka nyumbani kutazama.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemwambia Mwajuma.

Nilimkuta anasuka ukili wa mkeka barazani. Nilikaa, nikasema yote bila kuzungusha, kama ninavyosoma ujumbe wa redio. Mikono yake ilisimama. Nilijiandaa kwa lolote. Matusi, kofi.

Kasema, "Issa aliniambia siku zilezile za mfungo."

Siku zilezile Selemani aliponiambia mimi.

"Nilikuwa naogopa kukwambia wewe," kasema. "Ni mimi niliyekimbia. Nisingekimbia wangejua."

Nikamwambia nisingemfuata wasingepiga kelele vile. Sijui kama ni kweli. Nilisema tu, ili asiwe peke yake. Kasogeza miyaa yake ya kusukia, kanipa nafasi ya kukaa vizuri. Tumesuka mpaka adhuhuri. Ukili wangu mbaya, kaufumua nusu.

Ijumaa, 8 Novemba

Hakuna ndege leo. Mawingu ya vuli. Nimefunga kibanda mapema.

Tumekwenda nyuma ya msikiti, mimi na Mwajuma. Majani yameshaota juu ya makaburi yote mawili ya watoto. Nilianza kufyeka la kulia, yeye la kushoto. Tulipomaliza tukabadilishana, kila mmoja akapitia alipopitia mwenzake. Tumesoma fatiha mara moja, kwa pamoja.

Mvua ikaanza, ya rasharasha. Hatukuharakisha.